Sungura wa Sanduku Moja Wakigeuka Maadui

Kufuga sungura si kazi ya matajiri. Mbao chache, misumari, kipande cha wavu wa chuma, na mtoto asiyechoka kukata majani kila jioni: vitu hivyo vyatosha kwa kuanza. Jike mwema akitunzwa sawasawa aweza kuzaa mara nne au tano kwa mwaka, na kila uzazi watoto watano, sita, hata wanane. Nyama yake ni nyeupe na laini, haina mafuta mengi, nayo hutosha mlo mmoja wa jamaa, pasipo shida ya kuhifadhi kilichobaki. Tena wako wazazi wanaouza sungura wao mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na franka wanazopata hununua madaftari na viatu vya watoto.

Lakini wafugaji wengi, hasa walio wapya katika kazi hii, hupatwa na jambo moja linalowashangaza. Sungura waliozaliwa siku moja, waliokula majani ya fungu moja, waliolala usiku wamebanana ili kupata joto, asubuhi moja waonekana wamekuwa maadui. Manyoya yametapakaa sandukuni, sikio la mmoja limechanika, mwingine amejikunyata pembeni wala hathubutu kukisogelea chakula. Mwenye nyumba hudhani wamerogwa, au wamekula jani baya. La, sivyo. Sababu za vita hivyo zajulikana vizuri, na mara nyingi zaweza kuzuiliwa kabla damu haijamwagika.

Tuseme baba mmoja amenunua vitoto sita vya sungura sokoni, akaviweka vyote katika sanduku moja kubwa. Miezi miwili yapita kwa amani. Kisha jioni moja mwanawe anakuja mbio:

— Baba, njoo uone! Yule mwekundu anamfukuza ndugu yake, tena anamng'oa manyoya.

— Waache, mwanangu. Ni watoto wale, wanacheza.

Kesho yake asubuhi madume wawili wamejeruhiwa vibaya, wa tatu amekufa. Na wiki chache baadaye majike wawili wanazaa watoto ambao hakuna aliyewatazamia, bila tandiko wala mahali pa faragha, na watoto hao wanakanyagwa na kufa wote. Fedha ya ununuzi, majani ya miezi mitatu, na matumaini ya mtoto yule, vyote vimepotea. Wala haikuwa kazi ya uchawi. Baba yule hakujua tu kwamba kwa sungura utoto ni mfupi sana.

SUNGURA WA HADITHI SIYE HUYU

Wazee wetu walitusimulia habari za sungura mjanja, yule ambaye Wabemba humwita Kalulu, anayemshinda simba na fisi kwa akili tupu. Huyo ni sungura wa porini. Huishi peke yake, hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho yaliyofunguka. Sungura wa sandukuni ni wa ukoo mwingine kabisa, wala hawezi kuzaa na yule wa porini. Babu zake walitoka Ulaya, katika nchi za Hispania na Ureno na kusini ya Ufaransa. Huko huchimba mashimo marefu chini ya ardhi, na kukaa humo kwa vikundi vidogo. Watoto wao huzaliwa uchi, vipofu, na macho yao hufunguka baada ya siku kumi au kumi na mbili.

Kwa kuwa hukaa kwa vikundi, watu hufikiri kwamba sungura ni wapole kama kondoo. Wataalamu walioketi siku nyingi kuwatazama wametufundisha mengine. Roman Mykytowycz, aliyefanya uchunguzi wake huko Australia katika miaka ya 1950 na 1960, alionyesha jinsi sungura anavyotia alama mipaka ya makao yake kwa harufu itokayo chini ya kidevu. Naye Ronald Lockley, wa nchi ya Wales, aliwazungushia sungura wa mwitu uzio ili kuyatazama maisha yao, na mwaka 1964 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Kutokana na kazi za watu kama hao twajua kwamba kila kikundi cha sungura kina mkubwa na mdogo. Madume hupigania ukubwa, na majike hupigania mashimo mazuri ya kuzalia. Yule anayeshindwa hukimbia, na mambo huishia hapo.

Hili ndilo neno la kushika. Porini mshinde hukimbia. Sandukuni hana pa kukimbilia. Basi anayeshinda huendelea kumwona adui wake mbele ya macho, na huendelea kumwuma. Silaha alizopewa zote mbili anazo, ila nafasi ya kuponea hana.

SABABU ZA VITA

Sababu ya kwanza ni kukomaa. Sungura wa mbegu ndogo hukomaa akiwa na miezi mitatu na nusu au minne. Wa mbegu kubwa hufika miezi mitano au sita. Siku hizo zikifika, madume ambao jana walikuwa ndugu leo ni washindani. Vita vyao ni vikali kuliko watu wanavyodhani: huumana hasa sehemu za uzazi, hata mmoja aweza kumhasi mwenzake kwa meno. Kwa hiyo madume wawili wasiohasiwa hawawekwi katika sanduku moja baada ya mwezi wa tatu, hata kama ni wa tumbo moja, hata kama mpaka sasa wanapendana.

Sababu ya pili ni jike na makao yake. Jike mwenye mimba, au mwenye watoto wachanga, hulinda mahali pake kwa ukali. Mimba yake ni ya siku 30 mpaka 32. Siku za mwisho hujing'oa manyoya ya kifuani ili atandike kiota, na anayekaribia hupigwa kwa miguu ya mbele. Tena yako mambo yanayowadanganya wengi: jike aweza kuwa na mimba ya uongo. Pengine amepandwa na jike mwenziwe tu, au dume alimpanda bila kumtunga mimba. Kwa muda wa siku 16 hivi hujiona mzazi, hukusanya majani, hung'oa manyoya, na huwa mkali. Mwenye kufuga asipojua hilo hushangaa kuona jike asiye na dume karibu akimshambulia dada yake.

Sababu ya tatu ni harufu. Sungura humtambua mwenziwe kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Ukimtoa mmoja, ukampeleka kwa jirani siku tatu kwa kupandwa, kisha ukamrudisha, wenziwe hunusa harufu ya ugeni na kumpokea kama mgeni mwizi. Ndivyo ilivyo pia kwa sungura mpya aliyenunuliwa sokoni na kutiwa moja kwa moja kati ya wengine.

Sababu ya nne ni kusongamana. Chakula kikiwekwa mahali pamoja, maji katika bakuli moja, na kivuli katika pembe moja, aliye na nguvu hukalia vyote vitatu. Wengine hudhoofika polepole, na ugomvi hauishi.

Sababu ya tano husahauliwa mara nyingi, nayo ni maumivu. Sungura mwenye upele ndani ya masikio, mwenye jipu, au ambaye meno yake yamekua kombo, huvumilia kimya siku nyingi. Kisha mwenziwe anapomgusa humrukia kwa ghadhabu. Sungura aliyekuwa mpole mwaka mzima akigeuka mkali ghafula bila sababu ya uzazi, umchunguze masikio, meno, miguu na tumbo kabla ya kumwita mbaya.

DALILI ZINAZOTANGULIA

Vita vyenyewe huonekana vya ghafula, lakini mara nyingi dalili zilitangulia, ila hakuna aliyezisoma. Sungura anayekusudia ubaya hulaza masikio nyuma, huinua mkia, hukaza mwili, na pengine hutoa sauti kama ya kunguruma. Dume huanza kurusha mkojo juu ya wenziwe na kusugua kidevu kila mahali. Wawili huzungukana kama gurudumu, kila mmoja akitaka kumfikia mwenziwe nyuma. Ukiona hayo, usingoje kesho.

Lakini tusikosee kwa upande wa pili. Kupanda mgongoni kwa muda kidogo, kufukuzana mara moja mbili, na kung'oa unywele mmoja si vita bado. Ndivyo wanavyopangana nani mkubwa. Alama ya kutofautisha ni hii: kama yule mdogo akiinama na kukaa kimya, na mkubwa akamwacha, jambo limekwisha. Kama mkubwa hamwachi, au mdogo naye anageuka kuuma, yafaa kuwatenga mara moja. Na ukiwaona wanalambana paji la uso na kulala ubavu kwa ubavu, ujue amani ipo.

VITA VIKIZUKA

Usitie mkono mtupu kati ya sungura wanaopigana. Meno yao hukata kama patasi, na kucha za nyuma huchana ngozi ya mtu. Chukua ubao, ungo, au ufagio, ukiingize kati yao. Au watupie gunia, nao wakiwa gizani watatulia kidogo. Kisha mwondoe mmoja.

Kumwinua kuna namna yake. Usimshike masikio, maana humwumiza bure. Kamata ngozi iliyolegea juu ya mabega kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uchukue uzito wote wa matako. Sungura anayening'inia hupiga mateke kwa nguvu nyingi, na mifupa yake ni myepesi. Kwa teke moja tu la hewani aweza kuvunja mgongo wake mwenyewe. Watoto wafundishwe hayo kabla hawajaruhusiwa kufungua sanduku.

Waliopigana wasirudishwe pamoja siku hiyo, hata kama wanaonekana wametulia. Ukiwarudisha baada ya saa moja, wataanza pale walipoachia.

KUTUNZA VIDONDA

Jeraha la meno ya sungura huonekana dogo kwa nje, lakini huenda ndani. Likifunika uchafu, siku chache baadaye hutokea jipu gumu. Basi mpapase mwili mzima kwa vidole, hasa mgongo, kiuno, masikio, na sehemu za uzazi za madume. Kata manyoya yaliyozunguka kidonda. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, uliyotia kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu lita. Rudia asubuhi na jioni, na utandike majani makavu safi. Katika siku za joto ufukuze nzi, maana hutaga mayai katika kidonda, na mabuu hula nyama mbichi.

Hapa pana onyo kubwa. Wako watu wanaochukua vidonge vya watu, kama vile ampisilini au amoksisilini, na kumnywesha sungura aliyejeruhiwa. Dawa hizo zikiingia tumboni mwake huua vijidudu vyema vinavyomsaidia kusaga majani; kisha huhara na kufa, si kwa kidonda bali kwa dawa. Kama jeraha ni kubwa, mwulize mganga wa wanyama. Kama hayuko karibu, maji ya chumvi, usafi na utulivu vyapita kidonge usichokijua.

Mwangalie pia kama anakula. Sungura asiyekula siku nzima yumo hatarini, kwa kuwa tumbo lake halipaswi kusimama. Mpe majani mabichi anayoyapenda, kama majani ya viazi vitamu, pamoja na maji safi, mahali ambapo adui yake haonekani. Nawe uliyemshika, ukikwaruzwa, nawa kwa sabuni.

JE, WAWEZA KUPATANISHWA?

Madume wawili wasiohasiwa: hapana, usipoteze siku zako. Majike wawili, au jike na dume aliyehasiwa: mara nyingi ndiyo, kwa uvumilivu. Kuhasi ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na dume aliyehasiwa hubaki na uwezo wa kutia mimba kwa wiki kadhaa. Basi asiwekwe na jike kabla ya wiki sita kupita.

Njia ya kuwapatanisha ni hii. Kwanza weka masanduku yao jirani, waonane na kunusana kupitia wavu, lakini pawe na nafasi ya upana wa kiganja ili wasiumane pua na vidole. Kila siku badilisha tandiko: majani aliyolalia huyu yapewe yule, mpaka harufu ya mmoja iwe harufu ya nyumba yote. Baada ya wiki mbili hivi, wakutanishe mahali ambapo hakuna mmoja wao apaona kuwa pake, kwa mfano uani ndani ya uzio mdogo, au chumba kitupu. Tawanya majani huku na huku, ili kila mmoja apate bila kumwondoa mwenziwe. Simama karibu na ubao mkononi. Mara ya kwanza dakika kumi zatosha. Ongeza kidogo kidogo kila siku. Wakianza kulambana, waweza kuwarudisha katika sanduku moja lililooshwa vizuri na kupangwa upya, lisilo na harufu ya mwenyeji wa zamani.

Na wakikataa baada ya majuma mengi, uwaache watengane. Sungura aliyetengwa lakini awaona wenziwe kwa jirani hateseki kama yule anayeumwa kila usiku.

MPANGO UNAOZUIA VITA

Wafugaji wenye akili hawangoji kupatanisha. Wao hupanga mapema.

Watoto waachishwe kunyonya wakiwa na wiki tano au sita. Siku hiyohiyo mwenye kufuga awatazame mmoja mmoja, awatenge madume na majike. Bonyeza polepole sehemu ya uzazi kwa vidole viwili: kwa dume hutokea kijibomba chenye tundu la mviringo, kwa jike huonekana mfano wa ufa. Kwa kuwa si rahisi kwa walio wadogo hivyo, rudia kutazama baada ya mwezi mmoja. Wale wa kuchinjwa waweza kukaa kikundi kimoja, ila wafikapo mwezi wa tatu madume watengwe, wauzwe, au waliwe. Wale wa kuzalisha kila mmoja apewe sanduku lake. Kwa jike na watoto wake, sanduku la sentimeta 90 kwa urefu, 60 kwa upana, na 50 kwa kimo hufaa.

Siku ya kupandisha, jike hupelekwa kwa dume; dume hapelekwi kamwe kwa jike. Ukimtia dume nyumbani mwa jike, jike atamwona mvamizi na kumwuma, pengine vibaya. Kaa hapo utazame. Kazi yenyewe ni ya nukuu chache tu. Dume akianguka ubavuni, imekwisha, nawe umrudishe jike kwake. Kama jike amekataa na kupigana, usiwaache pamoja usiku kucha kwa matumaini. Mwondoe, ujaribu tena kesho au kesho kutwa. Dume mmoja mwenye afya hutosha majike wanane au kumi. Basi hakuna haja ya kulisha madume watatu wanaochukiana.

Siku ya 28 ya mimba, mtilie jike kijisanduku cha kuzalia chenye majani makavu. Mbwa, kuku na watoto wenye kelele wakae mbali. Maji yasikosekane hata saa moja: jike anyonyeshaye aweza kunywa lita moja au zaidi kwa siku moja ya joto, na kiu ni sababu mojawapo ya jike kula watoto wake. Wala asiwekwe pamoja na jike mwingine wakati huo, maana wako majike wanaoua watoto wa wenzao.

Mwisho, shika daftari. Andika siku ya kupandwa, siku ya kuzaa, hesabu ya watoto, siku ya kutenga, na nani alimwuma nani. Ukali hurithiwa na watoto kama vile rangi na ukubwa. Jike aliyeumana bila sababu katika mizazi miwili, au dume anayeshambulia kila jike aletwaye, asiachwe kuwa mzazi wa kundi lako, hata akiwa mnene na mzuri wa manyoya. Huyo mahali pake ni chunguni. Yule mtulivu, aliye na watoto wengi waliofikia kuachishwa, ndiye wa kuachwa azae. Kwa kuchagua hivyo mwaka hata mwaka, mtoto wa masomo mwenye daftari la franka chache aweza kupata kundi tulivu kuliko la mwenye fedha nyingi asiyeandika lolote.